Tunapima Jicho au Tunapima Kiingereza?

Mwaka 1956 Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alichora picha ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapa Tanzania akiulizwa juu yake, huulizwa kwa Kiingereza na hujibu kwa Kiingereza.

Nauliza: tunapima nini hapo? Jina la Kiingereza la picha hiyo lasema pombe ya ndizi, basi. Kijana aliyelelewa kihambani, juu ya Moshi, anajua kuwa hiyo ni mbege, kwamba ina ulezi ndani yake, na kwamba huandamana na posa na harusi za Wachaga. Maarifa hayo ni nusu ya kuielewa picha. Lakini katika mtihani wa majina na tarehe hayana pa kuandikwa.

Sizibezi tarehe. Asiyejua kwamba Elimo Njau wa Marangu alikamilisha michoro ya ukutani katika kanisa la Murang'a mwaka 1959, Kenya ikiwa katika Hali ya Hatari, hataeleza uzito wa Yesu Mwafrika aliyechorwa humo. Tarehe ni nguzo. Ila nguzo tupu hazimhifadhi mtu na mvua.

Napendekeza mwanafunzi awekewe picha asiyopata kuiona. Aieleze kwa Kiswahili: mistari, rangi, mwanga na mpangilio wake. Kisha aiweke katika historia, na mwisho aitetee hoja yake ana kwa ana mbele ya mwalimu. Aliyekariri atajulikana, na aliyetazama atajulikana. Wa kutoka Mtwara, asiyeijua mbege, naye apate alama kwa kuuliza swali linalostahili: wanabeba nini, na kwa nini usiku?

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Washairi wenzangu, urari, muwala na taswira ni maneno tunayoyatumia kila tunapopima utungo. Mchoro nao una urari wake, una muwala wake. Yanayopungua tuyatunge pamoja na wahadhiri, na darasa liyajaribu. Lugha isiyotahiniwa haikui, na jicho lisilo na lugha yake hubaki likisimuliwa na wengine.