Nyuklia ya Siaya si ile ya maabara ya Marekani

TANGU serikali ilipoelekeza macho Siaya mwaka wa 2025 ikitafuta mahali pa kujenga kinu cha nyuklia, Homa Bay na Migori zina haki ya kuuliza maswali. Feri ya Luanda Kotieno hutua Mbita, na wavuvi wa Muhuru hutegemea ziwa lilo hilo.

Hata hivyo, nyuklia ni za aina mbili. Kinu kinachopangwa kitapasua viini vya urani na kuacha taka za kulindwa karne nyingi. Kilichoshangiliwa ulimwenguni Desemba 5, 2022 ni kuunganisha viini. Katika maabara ya Livermore, Marekani, miale 192 ya leza ilitia megajuli 2.05 katika shabaha ya fueli, zikatoka 3.15. Lakini leza hizo zilikula takriban megajuli 300 za umeme.

Fueli yenyewe ni kikwazo kingine. Deuteri, iliyomo hata katika maji ya Ziwa Victoria, ni nyepesi kuliko triti. Fueli inapobanwa na kupata joto kali, ayoni nyepesi hutangulia, nzito zikasalia nyuma. Mchanganyiko ukitengana, viini vinavyoungana hupungua.

Hadi leo, hakuna kituo popote kinachouza umeme wa kuunganisha viini. Hivyo basi, mwanasiasa anayeahidi wakazi wa ziwani nyuklia isiyo na taka za karne nyingi hana budi kueleza ni ipi anayoizungumzia. Wanaoombwa ardhi na maji yao wanastahili jibu kabla ya kutoa idhini.