Mwadingusha: mwili hujisafisha, lakini kobalti haivunjiki

Ziwa Tshangalele, kule Mwadingusha, lilitokea baada ya mto Lufira kuzibwa ili kuzalisha umeme. Mitambo ilianza kazi mwaka 1930. SNEL na wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula wameikarabati, na mwaka 2021 ilirudi kutoa megawati 78. Lakini ziwa hilohilo hupokea pia maji machafu ya viwanda vya shaba na kobalti vya Likasi, na wakaaji wanakula samaki wake.

Mwaka 2009, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Wengine hujibu kwamba mwili unazoea na kujisafisha wenyewe. Je, ni kweli?

Ni kweli nusu. Kila seli hula takataka zake. Mbeljiji Christian de Duve aliita kazi hiyo otofajia mwaka 1963. Ndani ya seli hutokea utando mdogo wenye umbo la kikombe. Protini ATG9 huja na vifuko vidogo vya kuuanzisha. ATG2 hupitisha mafuta kutoka utando wa jirani kama bomba. Kikombe kinapanuka, kinazunguka takataka, kinafunga mdomo. Kisha mfuko huo unaungana na kifuko chenye vimeng'enya vya kuyeyusha. Mjapani Yoshinori Ohsumi, aliyechunguza jeni za kazi hiyo katika hamira, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Lakini vimeng'enya huvunja vitu kama protini iliyoharibika, na vipande vyake vinatumika tena. Kobalti ni elementi: haina vipande vya kuvunjwa. Seli inaweza kuondoa kilichoharibiwa na metali, si kuiyeyusha metali yenyewe. Kazi ya kuitoa inabaki kwa figo, na figo hazimalizi ikiwa kila siku sahani na vumbi vinaleta nyingine.

Hapo pia ndipo penye tumaini: kobalti inayoingia ikipungua, ile ya mkojo nayo inashuka. Kwa hiyo dawa ya kwanza iko Likasi, kwenye mabomba ya viwanda: maji yasafishwe kabla ya kufika Lufira, samaki wapimwe mara kwa mara, na majibu yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wavuvi. Mzigo huo usiachiwe seli za watoto wa Mwadingusha.