Safari ya Davos ianzie uwanja wa ndege wa Goma

Januari 2025, Rais Félix Tshisekedi alikuwa Davos, mji wa theluji katika milima ya Uswisi, akiueleza ulimwengu juu ya Ukanda wa Kijani, utakaopeleka vyakula vya Kivu hadi Kinshasa. Siku chache baadaye, M23 wakaingia Goma.

Davos iko kwenye mita 1,560 hivi. Goma nayo inakaribia 1,500. Tofauti ni njia. Mkaaji wa Goma akialikwa huko, viza itamdai karatasi za benki, na benki nyingi hapa zilifunga milango mwezi ule ule. Uwanja wa ndege nao ulifungwa. Atavuka Grande Barrière, apande basi hadi Kigali, ndege hadi Zürich, treni hadi Landquart, na treni nyingine ya kupanda mlima.

Wanaopanda huko kuizungumzia Kivu waanze na hili: uwanja wa Goma ufunguliwe kwa wagonjwa, wanafunzi na wachuuzi, si kwa ndege za misaada peke yake. Ikiwa msafiri mmoja hapiti, gunia la maharagi litapita wapi?