Duka la Ajabu na Bei Yake

Kuna aina moja ya hadithi ambayo watoto hawachoki nayo. Mtoto yumo njiani, ametumwa chumvi au anarudi shuleni, mara anaona duka ambalo jana halikuwapo. Anasukuma mlango. Ndani kuna muuzaji asiyeeleweka umri wake, na rafu zimejaa vitu visivyouzwa kwingine: kioo kinachoonyesha kesho, peremende inayomfanya mlaji aruke, yai ambalo hakuna ajuaye litaangua nini. Mtoto anachagua, analipa, anaondoka. Hapo ndipo mambo yanapoanza.

Wazazi wengi huzitazama hadithi hizi kwa jicho la wasiwasi. Wengine husema ni uchawi mtupu. Wengine husema ni kupoteza wakati, na kwamba mtoto asome kitakachoulizwa katika mtihani. Leo nataka kuzitetea, tena kwa hoja ambayo mzazi yeyote anayehesabu pesa za matumizi ya nyumbani ataielewa. Hadithi ya duka la ajabu, ukiichunguza vizuri, ni hadithi kuhusu bei.

Tuanze na kongwe. Miongoni mwa hadithi zinazohesabiwa katika Alfu Lela Ulela kuna ile ya wana watatu wa mfalme waliompenda msichana mmoja. Mfaransa Antoine Galland alisimuliwa hadithi hiyo mjini Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, kijana kutoka Aleppo, Syria. Baba yao aliwaambia waende mbali, na atakayeleta kitu cha ajabu zaidi ndiye atakayeoa. Mkubwa alifika sokoni akamkuta dalali ananadi zulia kuukuu kwa bei ya kichaa. Alipouliza sababu, akaambiwa kwamba ukilikalia linakupeleka popote moyo unapotaka. Wa pili alinunua bomba la pembe ambalo ukichungulia unamwona umtakaye hata akiwa nchi ya mbali. Wa tatu alinunua tunda la kumponya mgonjwa kwa harufu yake tu.

Angalia jambo moja hapo. Wana hao hawakuokota vitu vyao pangoni, wala hawakupewa na jini. Walivinunua sokoni, mbele za watu, baada ya kuuliza bei na kutaka kuonyeshwa kwamba vinafanya kazi. Na msichana alipougua, hakuna kitu kimoja kilichotosha. Bomba lilionyesha ugonjwa, zulia likawafikisha, tunda likamponya. Kila mmoja alikuwa amelipa pesa nyingi kwa theluthi moja tu ya jibu.

Tuvuke hadi Uingereza. Mwaka 1903 mwandishi H. G. Wells alitoa hadithi fupi kuhusu baba na mwanawe mdogo walioingia katika duka la viini macho katika barabara ya Regent Street, London. Kumbe la duka hilo si viini macho; ni maajabu ya kweli. Mtoto anafurahi, baba anaingiwa na hofu. Ghafla wanajikuta nje barabarani, vifurushi vya mtoto viko mkononi, na duka halipo. Kinachomsumbua baba huyo mwungwana hadi mwisho ni kwamba hajalipa. Amerudi mara kadhaa kulitafuta duka hilo, halioni, naye anajua siku moja wenyewe wanaweza kuleta hesabu yao. Deni lisilojulikana kiasi chake! Mzazi gani hajui uzito wa jambo hilo?

Na siku hizi? Vijana wetu wa mijini wamesoma vile vitabu vya J. K. Rowling vilivyoanza kutoka mwaka 1997, ambamo mvulana yatima anaingia duka la fimbo za ajabu na kuambiwa kwamba fimbo ndiyo inayomchagua mwenyewe. Huko Japani, tangu mwaka 2013, watoto wamekuwa wakisoma mfululizo wa Reiko Hiroshima kuhusu duka la peremende liitwalo Zenitendo. Duka hilo hulioni ila siku yako imefika. Na huwezi kulipa kwa pesa yoyote uliyo nayo. Mama mwenye duka hupokea sarafu moja tu, ya thamani fulani, iliyotolewa mwaka fulani. Kila pakiti ina maelezo. Anayeyasoma hunufaika. Asiyeyasoma kwa sababu ya pupa hujuta.

Basi hadithi hizi, kutoka nchi tofauti na karne tofauti, zinamfundisha mtoto kuuliza maswali matatu. Kwanza, anayeniuzia ni nani? Pili, bei halisi ni ipi? Tatu, atakayelipa ni nani? Wahenga walituachia maneno mawili tu juu ya hayo: rahisi ghali.

Sasa turudi nyumbani, twende hadi Malaba, pale reli na barabara kuu itokayo Mombasa inapovuka kwenda Uganda. Nimeuchagua mji huu kwa sababu mtoto aliyelelewa mpakani anaijua siri ya duka la ajabu kabla hajafungua kitabu. Anaona matrela yamepanga foleni, yamebeba mizigo asiyoijua, yakielekea miji ambayo yeye ameisikia kwa jina tu. Anamwona mbadilishaji pesa akichukua noti moja ya Kenya na kutoa bunda la noti za Uganda, maana shilingi moja ya upande huu hununua zaidi ya ishirini za upande ule. Anajua kwamba sabuni ileile, ikivuka daraja, bei yake inageuka. Mtoto wa Nairobi akiambiwa hayo atadhani ni ngano.

Wala mambo hayakuwa hivyo siku zote. Hadi mwaka 1966 pande zote mbili zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Wazee wanazikumbuka zile senti za shaba zilizotobolewa katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga kwenye uzi kama ushanga. Hata neno bodaboda ni zawadi ya mpaka huu wa Busia na Malaba. Waendesha baiskeli waliwabeba abiria kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, wakinadi safari ya boda hadi boda, na neno hilo likaenea kote tunakolisikia leo.

Tena eneo hili limewahi kuwa na soko la ajabu la kweli. Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni nchini Brazili, na bei ya kahawa ikapaa duniani kote. Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na wakulima wake hawakuiona bei hiyo nzuri. Kahawa ikaanza kuvuka usiku kuja Kenya, na bidhaa zilizoadimika huko zikavuka kurudi. Mahali palipovuma zaidi ni Chepkube, kaskazini mwa Malaba, upande wa Mlima Elgon. Jina hilo likawa sawa na utajiri wa ghafla. Kisha, kabla ya miaka ya 1970 kwisha, soko likatoweka kama lile duka la Regent Street. Waliodhani litadumu walibaki wakilitafuta.

Ndiyo maana nasema hadithi hizi si mchezo. Kijana wa leo, awe Malaba au Buruburu, hahitaji kuvuka mpaka ili akutane na duka la ajabu. Liko mfukoni mwake, ndani ya simu. Linamwahidi mkopo kwa dakika mbili bila kumwonyesha vizuri riba yake. Linamwambia aweke shilingi hamsini kwenye mechi, avune maelfu. Muuzaji hana uso, maelezo yameandikwa kwa herufi ndogo, na hesabu huja baadaye, mara nyingi kwa mama. Kijana aliyekua akiuliza "bei halisi ni ipi?" katika hadithi ana nafasi nzuri zaidi ya kuliuliza swali hilo pale ambapo hakuna hadithi.

Kuhusu uchawi, wazazi wenzangu, hebu tukumbuke tulivyolelewa. Nani kati yetu hakusimuliwa zimwi? Wabukusu wana amanani wao wala watu, na wana Wanakhamuna, yaani sungura mjanja. Hakuna aliyetoka jikoni kwa nyanya akiwa mchawi. Tulitoka tukijua kwamba mgeni mwenye maneno matamu achunguzwe kwanza. Duka la ajabu ni ndugu wa zimwi. Tofauti ni kwamba lina mlango, rafu na kaunta.

Kinachonisikitisha ni kwamba hadithi nyingi za namna hii humfikia mtoto wetu kwa Kiingereza, zikizungumzia barabara asizozijua. Kiswahili anakutana nacho kwenye zoezi la ngeli. Nasi tunayo malighafi tele! Nitawapa mfano, watoto, nanyi mmalizie.

Msichana wa darasa la tano, mkazi wa Malaba, anampelekea babake chakula kwenye foleni ya matrela. Katikati ya lango la Kenya na lango la Uganda anaona kibanda cha mabati ambacho hakiko upande wowote. Mzee aliye ndani anakataa shilingi ya Kenya, anakataa ya Uganda. Anataka ile senti yenye tundu, ambayo nyanya ameivaa shingoni tangu ujana wake. Kwa senti hiyo anauza peremende ya kuelewa lugha zote zinazozungumzwa kwenye foleni: Kiteso, Kibukusu, Luganda, Kinyarwanda, Kilingala. Msichana anaomba senti kwa nyanya, anapewa bila swali. Anatafuna peremende ya kwanza, anaelewa kila neno la madereva. Anatafuna ya pili, anaelewa hata wanayoyanong'ona. Jioni nyanya anamwita kwa upole, naye anageuka, anamtazama, na halikumbuki jina la bibi huyo. Karatasi ya peremende imeandikwa kitu kwa herufi ndogo. Imeandikwa nini? Na je, duka litakuwapo kesho?

Ninyi wazazi, kazi yenu jioni ya leo ni ndogo. Msomee mtoto, au msimulie, hadithi yoyote yenye duka. Ukifika mahali pa kulipa, nyamaza. Usimpe funzo; muulize tu, "Wewe ungelipa?" Kisha msikilize. Akisema ndiyo, muulize angelipa nini. Utamjua mwanao kwa dakika tano kuliko ulivyomjua kwa muhula mzima wa kukagua daftari. Na akikugeuzia swali, akakuuliza wewe mwenyewe ungelipa nini ili upate unachokitamani, usimkwepe. Mjibu kweli.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kabla ya kuinama achungulie kwanza mvunguni muna nini. Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.