UKURASA WA NYUMBANI: Hundi Si Fedha Mpaka Benki Ikubali

Juma hili tumeona vema tuzungumze juu ya hundi, ama cheki kama wengi wetu hapa mpakani tunavyoiita. Huenda baadhi yenu mkasema kwamba hundi imekwisha pitwa na wakati, kwani tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na huduma ya MTN ya fedha kwa simu ilipoanza Uganda mwaka 2009, mtu hununua hata kibiriti kwa simu. Hayo ni kweli. Lakini shule nyingi bado hulipia mahindi na maharage ya wanafunzi kwa hundi, makandarasi hulipia saruji na mbao kwa hundi, na vyama vya akiba na mikopo huwapa wanachama wao hundi. Na kwa kuwa hundi aghalabu huandikwa kwa kiasi kikubwa, hasara yake nayo huwa kubwa. Hundi moja iliyorudi yaweza kulifunga duka la mke wa askari lililojengwa kwa akiba ya miaka kumi.

Kwanza hatuna budi kuelewa hundi ni kitu gani. Hundi ni barua ya amri ambayo mwenye akaunti huiandikia benki yake, akisema: mlipeni fulani kiasi hiki. Benki huitii amri hiyo endapo fedha zimo, sahihi inalingana na ile iliyo katika kumbukumbu zake, tarehe ni sawa, na mwandikaji hakuizuia. Likikosekana moja tu kati ya hayo, hundi hurudishwa, na mwenye duka hubaki na karatasi hali bidhaa zake zimekwisha vuka mpaka.

Wenzetu wa nchi nyingine walilitafutia tatizo hili dawa. Kule Marekani, mwaka 1964, kampuni iitwayo TeleCheck ilianzishwa mjini Honolulu. Kazi yake ilikuwa kuweka daftari kubwa la watu waliowahi kutoa hundi zisizo na fedha. Mwenye duka akipewa hundi, huiuliza kampuni hiyo, zamani kwa simu na baadaye kwa mashine, akitaja namba zilizo chini ya hundi na namba ya kitambulisho cha mteja. Jibu hurudi upesi: pokea, au usipokee. Uingereza nao walikuwa na kadi za dhamana, ambazo kwazo benki iliahidi kulipa hundi mpaka kiasi fulani hata kama mteja amepungukiwa. Utaratibu huo ulikomeshwa mwezi wa Juni, mwaka 2011, kwa kuwa watu walikuwa wameihama hundi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kuhakikisha ni kitu kimoja, na kudhamini ni kitu kingine. Anayehakikisha hukwambia tu kwamba mtu huyu hana sifa mbaya katika daftari lake. Hakwambii kwamba fedha zimo leo, wala hatakulipa hundi ikirudi. Anayedhamini huubeba mzigo wa hasara yeye mwenyewe, na kwa hiyo hutoza ada kubwa zaidi. Mfanya biashara asiyetofautisha mambo haya mawili hujipa matumaini yasiyo na msingi.

Je, sisi tukaao Busia, Malaba na Tororo tufanyeje? Wengi wetu hatuna mashine ya namna hiyo juu ya meza ya duka, hivyo yatupasa tuwe wakaguzi wenyewe. Angalia tarehe: hundi iliyopita miezi sita kwa kawaida haipokelewi. Linganisha kiasi kilichoandikwa kwa maneno na kile cha tarakimu. Hundi iliyofutwafutwa au kusahihishwa usiipokee hata kidogo. Kumbuka pia viwango vilivyowekwa na benki kuu: nchini Kenya, tangu mwaka 2009, hundi haipaswi kuzidi shilingi milioni 1, na Uganda, tangu mwaka 2019, haipaswi kuzidi shilingi milioni 10 za nchi hiyo. Anayekuletea hundi inayopita hapo, ama hajui au anakudanganya.

Kisha omba kitambulisho, uandike namba yake katika daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Endapo ni hundi ya benki yenyewe, ambayo watu huiamini mno, fika katika tawi lililoitoa, au upige simu kwa namba uliyoitafuta wewe mwenyewe, wala si ile iliyochapwa juu ya hundi, kwani mghushi aweza kuchapa namba ya mwenzake. Benki haitakutajia salio la mteja, maana hiyo ni siri yake, lakini yaweza kukwambia kama hundi hiyo ni yake kweli.

Sisi wa mpakani tuna tatizo letu la pekee. Kuanzia mwezi wa Februari, mwaka 2018, kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia kilipofunguliwa rasmi, watu na bidhaa huvuka kwa urahisi zaidi. Hundi haivuki hivyo. Hundi ya benki ya Kampala ikipelekwa katika benki ya Busia upande wa Kenya haiingii katika utaratibu wa kawaida wa kubadilishana hundi nchini humo. Hupelekwa kudaiwa kule ilikotoka, na siku huwa nyingi. Kwa biashara kubwa ya kuvuka mpaka, ni afadhali mnunuzi atume fedha kutoka benki hadi benki kwa mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, ulioanza kati ya mwaka 2013 na 2014.

Jihadharini pia na hila hii. Mnunuzi anatoa hundi iliyozidi bei, kisha anaomba arudishiwe chenji taslimu. Mwenye duka anaona kiasi kimekwisha andikwa katika akaunti yake, naye anatoa chenji. Siku chache baadaye hundi inarudi, na benki inakiondoa kile kiasi. Amepoteza bidhaa, na chenji juu yake. Uliza daima: je, hundi hii imekwisha lipwa, au imepokelewa tu?

Sasa neno kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi. Wenye maduka wengi huona haya, au hata huogopa, kumwomba kitambulisho mtu aliyevaa sare. Matapeli wanajua hivyo, nao huweza kuvaa sare isiyo yao. Kwa hiyo, ndugu askari, ukiulizwa kitambulisho usikasirike. Toa wewe wa kwanza, kabla hujaombwa. Kwa kufanya hivyo unalinda heshima ya sare yako, na unamfundisha mwenye duka kumtambua mwongo.

Mteja naye ana haki zake. Asitangazwe dukani kuwa mwizi kwa sababu hundi yake ilirudi kwa kosa la sahihi. Nchini Kenya, hundi zilizorudi kwa kukosa fedha huweza kuandikwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, zile zijulikanazo kwa herufi CRB, na kila mtu anaruhusiwa kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka. Ukiona kosa, lilalamikie upesi, kwani jina baya hukufuata siku ya kuomba mkopo.

Tena sheria ya Kenya humtia hatiani atoaye hundi akijua kwamba fedha hazitoshi, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Lakini kosa hilo la fedha kutotosha haliihusu hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele. Basi wewe unayepokea hundi ya mwezi ujao kama rehani, elewa kwamba umetoa mkopo. Usitarajie polisi wakukusanyie deni lako.

Mama wa duka, kuuliza si ujinga. Mteja mwema atangoja siku mbili hundi yake ilipwe, ndipo achukue magunia yake. Asiyetaka kungoja, mwache aende zake na hundi yake.