Kiti cha Ubunge ni cha Nani?

Maisha ya kisiasa ya hayati Suleiman Dori, aliyekuwa Mbunge wa Msambweni, ni somo linalowafaa walimu na wanafunzi. Mwaka 2013 wananchi wa Ukunda, Gombato Bongwe, Kinondo na Ramisi walimpeleka Bungeni, na mwaka 2017 wakamrudisha, kwa tiketi ya ODM. Alipomuunga mkono William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, chama kilimfikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Mwaka 2019 aliomba radhi, akasamehewa.

Hapo ndipo penye mushkili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 103, yasema kwamba mbunge akikihama chama kilichomdhamini hupoteza kiti. Sharti hilo lina maana yake, kwani bila nidhamu ya chama ahadi za kampeni huwa upepo mtupu. Lakini mbunge akikiogopa chama kuliko anavyowaogopa wapiga kura, je, yeye ni mjumbe wa nani?

Dori alifariki Machi 2020. Desemba 15 mwaka huo, wana Msambweni walimchagua Feisal Bader, aliyewahi kuwa msaidizi wake, akiwa mgombea huru, wakamwacha mgombea wa ODM. Kweli, Bader naye alipigiwa debe na vigogo. Hata hivyo, neno la mwisho lilikuwa la mpiga kura.

Tuwafunze vijana wetu kwamba chama hutoa tiketi, bali kiti ni amana ya wananchi. Na amana haina budi kurejeshwa kwa mwenyewe.