Frasila Mbili Begani
NJIA PANDA, na Zuhura Kasembe

Mama alitoka Sikonge akiwa binti, akapanda garimoshi Tabora, akaolewa Dar es Salaam, akakaa. Kwa miaka kumi na mmoja nilimwahidi kumrudisha kwao kwa ndege. Jumanne alfajiri ahadi ikatimia. Uwanjani sanduku letu lilipopandishwa kwenye mzani, mhudumu alituambia mwisho ni kilo 23. Mama akacheka: babu zake walibeba zaidi ya hapo, tena kwa miguu.

Ni kweli. Mzigo wa mpagazi wa misafara ya zamani ulikaribia frasila mbili, kama kilo 30, ukiacha mkeka, chungu na chakula chake mwenyewe. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe, eneo la Tabora, Juni, miezi mitatu. Sisi hatukumaliza saa mbili. Tulipokuwa juu ya Ugogo, mama alibandika uso dirishani, akauliza wapagazi wale walikuwa wakichota maji wapi katika ukame ule. Huko chini maji na njia vililipiwa hongo, nguo na shanga kwa watemi. Hongo leo ni rushwa. Mtumba, robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya bega la mtu, leo tunauchambua sokoni Karume. Posho ya msafara imeingia hadi Bungeni. Maneno ya njia ile ya misafara tumeyabeba yote. Watu wake tumewaacha porini.

Tabora, dereva alimfungulia mama mlango: "Mwangaluka, mayu." Mama aliitikia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu Temeke.

Tulianzia Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Kuta nene za udongo, ua wa katikati, kivuli kizuri. Habari ya nyumba hii kila mwanafunzi anaijua: wazungu wawili, Stanley kaondoka Machi 1872, Livingstone kabaki. Mama alitaka kujua kabaki akifanya nini. Nikamjibu kuwa alikuwa akingoja wapagazi. Alingoja zaidi ya miezi mitano, hadi Agosti, watu walioajiriwa Unguja walipowasili. Bidhaa alikuwa nazo, dawa alikuwa nazo, dunia nzima ilimjua, lakini bila mabega ya watu hakuweza kwenda popote. Mwaka uliofuata watumishi wake Chuma na Susi walipita hapohapo na wenzao, wamebeba maiti yake kuelekea pwani.

Hao wawili tunawataja. Je, maelfu ya Wanyamwezi walioshuka Bagamoyo kila kiangazi na pembe za ndovu, wakalipwa nguo, wakarudi kuwahi kilimo? Hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye ustadi na fahari ya kazi yao, na kijana asiyewahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Tena njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, na hao nao wana haki ya kutajwa, bila kuchanganywa na waliokwenda kwa hiari.

Nataka Tabora iwe na mahali pa wapagazi. Sizungumzii sanamu ya gharama. Nazungumzia chumba chenye mzigo halisi wa frasila mbili, mtoto wa shule aunyanyue na kuuweka begani, na daftari la majina. Majina yako kwa wazee wa Urambo, Nzega na Sikonge, na wazee hao hawatungoji. Halmashauri na walimu wa historia wanaweza kuanza likizo hii kwa kalamu na simu ya kurekodia.

Jioni, tukila maembe nyumba ya wageni, nilimuuliza mama swali ambalo kwa miaka yote sikuwahi kumuuliza: katika ukoo wetu, nani alikwenda pwani? Alinyamaza kidogo, akafuta mikono, akanitajia jina. Kisha la mdogo wake, ambaye hakurudi. Sikuwa na karatasi. Nimeyaandika nyuma ya kipande cha tiketi ya ndege, na kesho asubuhi tunakwenda Sikonge kuuliza mengine.